Ishara ya Kushusha

Mapacha ndio walioona kwanza. Baba yao alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto.

"Baba anakula kama mtoto," alisema mmoja. Mwenzake alicheka mpaka akapaliwa.

Mama Pacha aligeuka kutoka jikoni. Mumewe alikuwa mezani na kizibao cha kazi mwilini, mkono wa kulia ukining'inia kando ya kiti. Ngozi yake ilikuwa imeiva kuanzia kiwiko hadi kwenye kucha, na malengelenge yalikuwa yameanza kutunga maji. Vidole vingine vilikuwa vimekunjwa. Cha shahada kilikuwa kimenyooka, kikielekea sakafuni.

"Umeungua wapi?"

"Nimechoka tu."

"Sikuuliza kama umechoka, Baba Pacha."

Alisukuma sahani, akaenda kuoga. Alinuka waya ulioungua. Alipotoka kuoga alinuka vilevile.

Kazi yake ilikuwa kuongoza kreni kwenye ujenzi wa maghorofa. Dereva wa kreni hukaa kibandani, juu kabisa, na mara nyingi haoni mzigo unakotua. Humtegemea mtu mmoja anayemwonyesha kwa mkono. Kidole juu kikizunguka, pandisha. Kidole chini kikizunguka, shusha. Wenzake walimwita Trafiki, na walimtania kwamba hata chumvi humwomba mkewe kwa ishara. Lakini tangu aanze kazi hiyo hakuna mtu aliyeumia chini ya mkono wake, na hilo hawakulifanyia utani.

Daktari aliutazama mkono, akauliza kama anafanya kazi kwenye tanuri. Hapana. Akadunga sindano begani, kwenye kiwiko, kwenye kiganja. Mgonjwa hakushtuka. Akaandika dawa ya kupaka, akasema mishipa ya fahamu imekufa, labda itaamka.

Mchana huo Trafiki alijilaza kwenye kochi. Mama Pacha alikuwa anapita na beseni la nguo, akasimama. Mkono uliokufa ulikuwa unasogea. Kidole kilikuwa kinachora duara dogo juu ya sakafu, taratibu, bila kuchoka.

"Baba Pacha."

Alifumbua macho. Kidole kikatulia.

Nywele zake zilibaki kwenye mto. Chakula hakikukaa tumboni. Na kila jua lilipoanza kuzama, maji ya ndoo jikoni yalitetemeka, na mvumo kama wa transfoma ukasikika juu yao. Mara ya kwanza ulikuwa mbali, mara ya pili ulikuwa karibu, kisha vijiko vikaanza kulia kabatini. Walipanga ghorofa ya mwisho. Juu yao palikuwa na paa la zege, tangi la maji na kamba za nguo, basi.

Jirani wa chini alipanda kulalamika.

"Mtazima lini mashine yenu?"

"Mashine gani?"

"Hiyo mnayosagia jioni."

Akatazama dari, akatazama mkono wa Trafiki, akakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Siku ya mapumziko alikuja Rubani. Ndivyo walivyomwita dereva wa kreni, mtu wa maneno mengi ambaye husikika kabla hajaonekana. Safari hii aligonga kwa ukucha. Hakutaka kuingia. Alimpa Mama Pacha kofia ya kazi ya mumewe. Upande mmoja plastiki ilikuwa imeyeyuka ikateremka kama nta.

"Amekwambia?"

"Hajasema kitu."

"Kaniapisha na mimi nisiseme." Rubani alitazama ngazi, juu na chini. "Shemeji, nilikuwa nimeshazima mashine. Kulabu yangu ilikuwa upande wa pili kabisa. Kikaja kitu juu ya mumeo. Duara, kipana kuliko paa la nyumba hii. Hakina bawa, hakina kamba. Ningetupa kofia ningekipiga."

"Ndege?"

"Ndege gani inasimama? Yeye jua lilikuwa machoni. Aliona kivuli cha mzigo kichwani kwake, akajua ni mimi. Akafanya alivyozoea. Akanyoosha mkono chini, akazungusha kidole."

"Na?"

"Kikashuka."

"Kilimwangukia?"

"Kilishuka, shemeji. Polepole, bila kuyumba, kama ninavyoshusha mimi. Kilimtii. Halafu mwanga ukamwagika, akaanguka, na nilipomfikia hakikuwepo." Akashusha sauti. "Ila mkono wake ulikuwa bado unazunguka."

Jioni ile Mama Pacha aliufunga mkono wa mumewe kifuani kwa kanga, mafundo mawili. Mumewe alipopitiwa na usingizi, kitambaa kilianza kutikisika kutoka ndani.

Mganga waliyemwendea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na chumba kilichofagiliwa. Aliunusa mkono, akaurudisha mapajani kwa mwenyewe.

"Huyu ni jini," alisema. "Na mimi simtoi."

"Kwa nini, mama?"

"Aliyeingia bila kuitwa namtoa, hata kwa kelele. Huyu kaitwa, tena kwa adabu. Sifukuzi mgeni wa mtu. Aliyemwita ndiye amuage, kwa lugha ileile."

"Mkono hauinuki," alisema Trafiki. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo.

"Una mke. Akuinulie." Mganga alivua miwani. "Na fanyeni leo. Mgeni akishavuka kizingiti haagwi, hupewa kiti."

Waliwaacha mapacha chumbani, mlango umefungwa, wakapanda paani watatu: Trafiki, mkewe, na Rubani, ambaye hakuna aliyemwomba aje.

Jua lilipogusa nyumba za mbele, kamba za nguo zilianza kutetemeka bila upepo, nguo zikainuka zikasimama wima kana kwamba kuna mtu amezishika pindo, maji yakagonga kuta za tangi, harufu ya waya ikateremka mpaka Rubani akafunika pua, na Mama Pacha, aliyejiapiza kutotazama, akatazama, akaona tumbo la kitu cha kijivu limefunika anga kutoka ukingo huu wa paa hadi ule, laini kama ndani ya bakuli, karibu kiasi kwamba angeegemeza ngazi angeligusa.

"Sasa," alinong'ona Rubani.

Aliushika mkono wa mumewe kwa mikono miwili, kwenye kiwiko na kwenye kifundo, akauinua. Ulikuwa mzito kama mfuko wa saruji. Kitu kililia ndani ya bega. Trafiki aliuma ukosi wa kizibao na hakupiga kelele. Kidole kikapita usawa wa kiuno, kifua, kichwa, kikaelekea juu. Mama Pacha akakizungusha.

Mvumo ukabadilika. Kitu kile kikatulia, kisha kikaanza kupanda.

"Kinaenda!" Machozi yalimtoka. "Baba Pacha, kinaenda!"

Aliendelea kuzungusha, na kadiri alivyozungusha mkono ulizidi kuwa mwepesi, ukawa mwepesi kama wa mtoto, kisha mwepesi kuliko wa mtoto, mpaka akagundua kwamba hauinui tena bali anauvuta chini, na kwamba yeye mwenyewe amesimama kwa ncha za vidole vya miguu.

"Shemeji," alisema Rubani. "Kulabu haipandi tupu."

Akatazama chini. Kati ya viatu vya mumewe na zege palikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi hiyo aliona bomba la tangi upande wa pili.

"Simamisha!" alimwambia. "Unajua ishara ya kusimamisha, mkono wa kushoto mzima huo, simamisha!"

"Nikisimamisha kitabaki hapa."

"Kibaki!"

"Juu ya watoto?"

Chini yao, kupitia zege, mapacha walikuwa wanagombania mto. Sauti zao zilisikika vizuri.

"Niachie, mke wangu," alisema Trafiki, polepole, kama mtu anayeomba apishwe mlangoni. "Niachie kingali kinanisikia."

Akamwachia.

Mkono haukuanguka. Ulibaki wima, kidole kikizunguka, na mwenye mkono akaenda juu taratibu, bila kuyumba, macho yake yakiwatazama wao mpaka uso ukawa doa na doa likapotea. Nguo zikalala kwenye kamba. Rubani alikuwa amepiga magoti.

Mama Pacha alishuka ngazi akishika ukuta. Akafungua mlango wa chumba. Mapacha walikuwa dirishani, wamepanda kitandani, pua kwenye kioo.

"Mama, Baba kapanda juu."

"Ndiyo."

"Atashuka saa ngapi?"

Alinyoosha mikono awashushe kitandani.

"Mimi najua kumwita," alisema pacha mwenzake, akafungua dirisha, akatoa mkono nje, kidole chini.

Mama Pacha aliudaka kabla haujazunguka. Akaubana mpaka mtoto akalia, na alipolia hakuuachia.