Kofia Kwenye Dirisha la Fundi

Hebu niambie wewe unayenisoma: umewahi kumwona mchumba wako ndani ya dirisha la duka, katulia kwenye picha ya rangi, na huku mwenyewe umesimama naye hapo nje, bega kwa bega?

Ndiyo yaliyomkuta Saida, binti wa Wete, Ijumaa moja baada ya Alasiri, jua la Doha likipenya hadi kwenye soli za ndara. Kiangazi hicho maduka ya mtaa wa Najma yalitundika picha madirishani, watu wapite na ramani ya karatasi wakizitazama moja baada ya moja, bure kabisa. Saida, mtumishi wa nyumba kule Al Wukair, alipewa ruhusa ya saa tatu tu. Na akirudi alitakiwa awe na jibu: aongeze mkataba miaka miwili, au akatiwe tiketi ya kurudi kwao.

Mussa, mchumba wake, alimwambia aongeze. Mama yake naye alikuwa ameandika asubuhi: "Mwanangu, wageni wa posa waja lini? Mkeka nimeutandika na kuukunja mara tatu."

"Dirisha la saba turuke," Mussa akasema ghafla. "Twende la nane, duka la juisi, kuna kiyoyozi."

"Turuke kwa nini? Mbona ramani yasema saba?"

Saida akasogeza uso hadi kwenye kioo cha fundi cherehani. Pichani, mwanamume kakaa kwenye ngazi za duka hilo hilo, kichwa wazi, anamenya chungwa. Kando yake mwanamke mwenye hina vidoleni anashona kofia nyeupe. Chini pana kadi ya Kiarabu. Saida akaisoma polepole, kwa herufi alizofundishwa chuoni na Kiarabu alichookota kazini: Mke akimalizia kofia ya mumewe.

"Mussa. Huyu si wewe?"

"Watu hufanana, Sai."

"Na kofia nazo hufanana?"

Kofia ile alimshonea Mussa kwa mkono wake miezi mitano, kitobo kwa kitobo, akiiba dakika baada ya kupiga pasi. Maua kumi na mawili. La mwisho alilibakisha nusu kwa makusudi, aje alimalize siku Mussa atakapopeleka posa kwao. Mchoraji hakuacha kitu: hata ule uzi wa rangi ya maziwa, alioutumia Saida alipoishiwa na mweupe, ulikuwepo. Na sindano ya yule mwanamke ilikuwa imechoma papo hapo, kwenye ua la mwisho.

"Uliniambia umeiweka sandukuni."

"Imo sandukuni."

"Basi mpigie huyo mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Usinifanye mtoto. Mpigie, weka sauti kubwa, umuulize kofia kashona nani. Hutaki, naingia kumuuliza fundi. Ngazi hizo si zake?"

Mussa akajifuta jasho, akapiga. Sauti ikatoka changamfu:

"Mume wangu, uko wapi? Mihogo yapoa huku."

"Halima... ile kofia, kashona nani vile?"

"He! Jua limekupiga kichwa? Si marehemu mama yako? Ulisema macho yalimwishia, likabaki ua moja. Nami nimelimalizia, Mungu amrehemu."

Saida akaichukua simu mkononi mwa Mussa.

"Dada Halima, huyo marehemu ndiye mimi."

"Nani mwenzangu?"

"Saida. Mama yake Mussa yu hai, yuko Tanga, anapika vitumbua. Kofia nimeishona mimi, naye ni mchumba wangu mwaka wa pili huu."

Ikasikika sahani ikiwekwa chini.

"Walahi sikujua, dada. Tumeoana Shaabani. Mimi nilikuwa nikiishona huku namwombea dua huyo mama."

Simu ikakatika. Mussa akashika kioo cha dirisha, akakiachilia, kilikuwa cha moto.

"Sai, nisikilize. Nilitaka kukwambia, nikaogopa. Dini yaruhusu. Wewe ongeza mkataba kwanza, mambo yapoe, halafu nawe nitakuja kwenu..."

"Umemuua mama yako mzazi kwa ajili ya kofia, Mussa. Mimi ungeniulia nani?"

Simu ya Saida ikaita: mama wa nyumba anakofanya kazi.

"Saida, gari lakuja kukuchukua. Vipi, tuongeze ile miaka miwili?"

Mussa akamtolea macho ya kuomba. Mwaka mzima neno la kurudi kwao lilikuwa limemkaa Saida kooni; kila akitaka kulitoa, Mussa humwambia subiri kidogo, naye husubiri. Akatazama kofia kwenye kioo, maua kumi na mawili, la mwisho mikononi mwa mwingine.

"La, mama," akasema, machozi yakimtiririka hadi kwenye simu. "Nataka kwenda kwetu."