Mjukuu Wangu Aliniua Sokoni kwa Wajapani

Habari ya kifo changu nililetewa na Amna, jirani yangu hapa Lewisville, Jumapili iliyopita kabla ya adhuhuri.

Alibisha hodi akiwa na sufuria ya wali, macho mekundu. Nikamfungulia mimi mwenyewe.

Sufuria ikamponyoka. Wali ukamwagika wote mlangoni.

"Bi Mwanabaraka... si umekufa wewe?"

Wanangu mnaosoma, nimeulizwa mengi katika umri huu. Hilo lilikuwa jipya.

Nikamketisha, nikampa maji, akanieleza. Jana yake wenzake wa kazini kule Plano walikwenda matembezi ya kula, kwenye soko la samaki la Wajapani, Carrollton. Mnazungushwa kibanda hadi kibanda, mnaonja, na kiongozi anawasimulia.

Kiongozi ni mjukuu wangu Jannat. Nimemlea tangu mamake afariki, kutoka Kisauni hadi hapa Texas. Kwamba ana-guide watu nilijua, na kila asubuhi namuombea dua.

Nisilolijua ni hili... Akifika kwenye kibanda cha pweza husimama, akawaambia wageni kwamba bibi aliyemlea amekufa.

Walipomsimulia Amna kwa simu, jina la kiongozi na yote, akaangua kilio. Akawaandikia akina mama wa msikitini, nao wakagawana juzuu za Kurani za kunisomea khitma. Mimi simu sikuwa nimeifungua.

Akashika kichwa, anataka kuwaandikia upya. Nikamwambia angoje kidogo.

"Leo ana kundi jingine?"

"Analo, saa tisa."

"Nipeleke. Na uniazime ninja yako."

Mimi ninja huwa sivai, buibui na mtandio vinanitosha. Siku ile nikajifunga, Amna naye akavaa yake nyingine, yakabaki macho tu, nikasimama nyuma kabisa ya kundi. Jannat alikuwa akisema Kiingereza chake kinachoteleza, Amna akinitafsiria sikioni.

Tukapita samaki waliolazwa kwenye barafu. Tukapita ngisi wanaochomwa kwenye vijiti. Watu wanatafuna, wanacheka. Mjukuu wangu anapendeza, nami nikajikuta najivuna, na huku nimekufa.

Tukafika kwenye pweza.

Mjapani alikuwa na chuma chenye mashimo ya duara. Anamimina uji wa unga, anatia kipande cha pweza, anakigeuza kwa kijiti mpaka kinakuwa mpira.

Wanangu, kile ni chuma cha vitumbua! Haki ya Mungu, kama changu. Nimekiinamia mlangoni Kisauni, moshi machoni, miaka na miaka. Mimi shule niliiacha kwenye madarasa ya chini. Jannat amesoma kwa vitumbua.

Nikajiambia, sasa atanitaja.

Jannat akashusha sauti. Akasema bibi yake alikuwa akizamia pweza miambani kwa pumzi moja, akiwapiga juu ya jiwe mpaka walainike. Kisha siku moja bahari ikamchukua.

Mimi! Mimi ninayeogopa maji ya magotini. Mimi ambaye pweza simgusi, simli.

Mzungu mmoja akatoa kitambaa, akajifuta macho. Jannat akaitoa simu yake wapitishiane, wamuone marehemu. Ikaenda mkono kwa mkono hadi ikanifikia.

Nikatazama.

Bikizee mzuri, amejifunga kanga kifuani, pweza amening'inia begani, anacheka.

Simjui. Sijapata kumuona.

"Binti," nikasema kwa Kiswahili, pole pole. "Huyu kazikwa wapi, tukamsomee?"

Jannat akaganda. Sauti yangu anaijua, ndiyo iliyokuwa ikimuamsha alfajiri.

Wageni wakataka kujua nimesema nini. Akanitazama machoni... akageuka, akawajibu. Wakanitikisia vichwa kwa upole.

Nikamfinya Amna. "Nitafsirie."

"Amesema... amesema wewe ni mama mgeni tu, hakujui. Unampa pole."

Nikarudi nyumbani.

Jannat alikuja baada ya magharibi. Akasimama mlangoni, hata salamu hana. Nikamuuliza yule bibi wa kwenye simu ni nani.

"Picha tu ya mtandaoni, Nyanya."

"Na mimi?"

"Nyanya, watu wanataka bahari. Vitumbua vya mlangoni nani atavililia?"

Kumbe mchana kutwa nilikuwa nimekosea. Nilidhani mjukuu wangu ameniua.

"Hukuniua, mwanangu," nikamwambia. "Umetafuta maiti, ukaona mimi sifai hata kwa hilo."

Akapiga magoti, akataka kunishika mkono. Nikauvuta.

Sasa nyinyi akina mama wa Lewisville na Carrollton mliogawana juzuu, Mungu awalipe. Niko hai. Thawabu wapeni maiti zenu. Amna keshawaandikia, lakini nimeona wengine bado wananiletea pole, ndiyo maana nasimulia.

Na nyinyi wajukuu, mkitaka kutusimulia kwa wageni, tusimulieni tulivyo. Kama tulivyo hakutoshi, nyamazeni, tutaelewa. Msituwekee bibi mwingine mahali petu, tuje tumuone.

Jannat hakwenda chumbani kwake. Alitandika mkeka kando ya kitanda changu, kama alipokuwa mdogo akiogopa mvua. Bado alinuka moshi wa soko.

Taa nikazima.

"Nyanya," akaita kizani. "Uko macho?"

Nilikuwa macho.

"Nyanya... nisamehe."

Sikumjibu. Nilitaka, usiku ule mmoja, asikie bibi aliyekufa anavyonyamaza.

Akaita tena. Akalia, akachoka, pumzi yake ikawa nzito.

Nikamvutia shuka langu miguuni, ndipo nami nikalala.