Kopo Chini ya Dagaa

Kila likizo ya Juni ilipofika, Yusra aliamka mapema na kumfuata mama yake ufukoni mwa ziwa, Bangwe. Mitumbwi ilirudi kutoka kuvua, wanawake wakapatana bei na wavuvi, kisha kila mmoja akabeba ndoo zake hadi kwenye chanja chake cha kuanikia. Yusra alitandaza dagaa, akawageuza jua lilipopanda, na akawafukuza kunguru waliojifanya wanapita njia tu.

Mama yake, Mwasiti, alishirikiana chanja na mwanamke aitwaye Stephania. Stephania alivuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita. Wengi aliovuka nao walikuwa kwenye kambi ya wakimbizi. Yeye alibaki mjini, akapanga chumba Gungu na kuanza biashara ya dagaa. Alikuwa mwepesi wa kazi na mzito wa maneno.

Mwaka ule, 2005, Yusra alikuwa na miaka kumi na miwili, umri wa kuona mambo mengi na kuelezwa machache. Aliona kwamba kila asubuhi, mara baada ya uji, Stephania alimtazama Mama, na wote wawili wakaenda nyuma ya banda la magunia. Waliporudi, Mama alikuwa akifuta midomo kwa ncha ya kanga. Jioni nako Mama alitoka Katubuka, nyumbani kwa baba mkubwa walikoishi, akisema anampelekea Stephania mboga. Siku nyingine alitoka bila mboga yoyote.

Tena kulikuwa na kikapu. Stephania alikuwa na kikapu cha ukindu, juu yake ametandaza dagaa wakavu, na juu ya dagaa kitenge. Hakumruhusu mtu kukigusa.

"Mama, mnakwenda kufanya nini kule nyuma ya banda?" Yusra aliuliza siku moja.

"Mambo ya watu wazima," Mama alijibu bila kumtazama. "Geuza dagaa."

Afadhali angenyamaza, kwa maana jibu lile lilimwacha Yusra na maswali zaidi. Na maswali yake yakapata msikilizaji. Bi Nasma, aliyeanika dagaa chanja cha pili, alikuwa na masikio ya kusikia hata kilichosemwa kwa macho.

"Hata mimi nimewaona," alimnong'oneza Yusra. "Mama yako alikonda mwaka jana, unakumbuka? Akakohoa mpaka tukakata tamaa. Yote hayo tangu aanze kunywea kikombe kimoja na yule. Hawa waliokuja na vita, mwanangu, hatujui walikuja na nini."

Yusra alikumbuka kikohozi kile. Kwamba mwaka huu mama yake alikuwa amenenepa na kurudiwa na nguvu, hilo hakulitia akilini. Tangu siku hiyo kila alichofanya Stephania kilimtisha. Akicheka, Yusra aliona anamdhihaki. Akinyamaza, aliona anapanga jambo. Alianza kukiosha kikombe cha Mama mara mbili kwa siri, na Stephania alipompa kipande cha muhogo, alikipokea kisha akakifukia mchangani.

Asubuhi moja Mama alikwenda mjini kupeleka magunia kwa mnunuzi. Stephania aliteremka majini kuosha sufuria ya uji. Kikapu kilibaki peke yake kando ya chanja.

Yusra alifunua kitenge, akaingiza mkono chini ya dagaa. Vidole vyake viligusa kitu laini cha mviringo. Akakitoa. Kilikuwa kopo jeupe la plastiki, na ndani yake vidonge viligongana.

Alikimbilia kwa Bi Nasma. Bi Nasma alilifungua kopo, akatazama ndani, na uso wake ukabadilika kabisa.

"Navijua hivi," alisema taratibu. "Mdogo wangu Faridi alipewa vidonge kama hivi. Vilimfikia amebaki mifupa." Kisha sauti ikapanda. "Wanawake wenzangu, njooni! Njooni muone tunakula na nani hapa!"

Wanawake wakaacha vyanja vyao. Kopo likapita mkono hadi mkono. Mmoja alisema ameshanunua dagaa wa Stephania na kuwalisha watoto. Mwingine alijifuta viganja kwenye nguo. Stephania alipopanda kutoka majini, aliwakuta wamesimama duara, na kopo liko mkononi mwa Bi Nasma.

"Hili ni lako?" Bi Nasma aliuliza.

Stephania alitazama barabara ya mjini, kana kwamba alimtarajia mtu. Hakuna aliyetokea.

"Iko kwangu," alisema mwishowe.

"Basi leo ndiyo mwisho wako hapa ufukoni. Ukirudi kesho, namwita mtendaji wa mtaa akupeleke kambini kwa wenzako. Na kopo hili nitamwonyesha."

"Unifanye unachotaka, Mama," Stephania alisema. "Lakini kopo nirudishie. Nakuomba. Kopo tu."

Bi Nasma alilifunga kwenye pindo la kanga yake. Stephania alisimama kidogo, akamtazama Yusra. Alichukua kikapu chake akaondoka.

Yusra alidhani atafurahi. Badala yake alijikuta akiwageuza dagaa waliokwisha kugeuzwa.

Jua lilikuwa kali Mama aliporudi. "Stephania yuko wapi?"

Yusra alimweleza yote, tena kwa haraka, kama mtu anayengoja kusifiwa. Mama hakumsifu. Wala hakuuliza kama Stephania ni mgonjwa. Aliuliza jambo moja tu.

"Kopo liko wapi?"

"Analo Bi Nasma."

Mama aliketi mchangani. Kisha akamshika Yusra mkono, wakaenda nyuma ya banda la magunia, pale pale alipopashuku siku zote.

"Kopo lile ni langu," Mama alisema. "Mimi ndiye ninayeishi na virusi vya UKIMWI. Stephania hana. Aliniona nikikaribia kufa, akanishika mkono hadi hospitali, nikapewa dawa. Nikaogopa kuziweka nyumbani, akakubali kunitunzia."

"Uliogopa nini, Mama?"

"Watu wa nyumbani. Baba yako hakurogwa, Yusra. Alikufa kwa ugonjwa huu ukiwa mdogo. Siku hizo dawa hazikuwapo, na watu waliogopa hata kuutaja. Baba yako mkubwa akasema mdogo wake Khamisi amerogwa na jirani yetu Assani, eti waligombana kuhusu nyavu. Mpaka leo yeye na Assani hawasalimiani. Nikasema moyoni, wakijua ukweli, nitafukuzwa mimi na mwanangu."

"Aliyekuambukiza ni Baba?"

"Sijui nani alianza, na kujua hakutamrudisha baba yako."

Yusra aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi?"

"Wewe huna. Unakumbuka siku uliyotobolewa kidole nikakwambia ni kipimo cha malaria? Nilikudanganya, mwanangu. Hapo nami nilikosea."

Yusra alilia. Alilia kwa ajili ya mama yake, na kwa ajili ya mtazamo ule wa Stephania. "Nitakwenda mimi kwa Bi Nasma," alisema. "Mimi ndiye niliyeiba."

"Tutakwenda wote. Dawa hizi hazitakiwi kukatizwa. Saa yake ya jioni haingoji aibu yangu."

Bi Nasma alikuwa akifunga magunia, wenzake wamemzunguka. Yusra alitangulia. Alisema kwa sauti ya kusikika: "Bi Nasma, kopo nililiiba kwenye kikapu cha mtu. Naomba nilirudishe."

"Ulifanya vizuri, mwanangu. Ulituokoa."

"Hakuwaokoa na chochote," Mama alisema. "Kopo ni langu, Nasma. Vidonge ni vyangu. Stephania alinisitiri."

Mwanamke mmoja alirudi nyuma hatua. Mama aliona, lakini hakuacha kusema.

"Tumekula pamoja miaka mingi. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono, wala kwa dagaa. Kama unaogopa, hospitali ipo, nenda kaulize. Ila kopo langu nipe."

Bi Nasma alifungua pindo la kanga.

"Faridi tulimtengea sahani," alisema ghafla, kama anayezungumza na mtu asiyekuwapo. "Sahani na kijiko. Mimi ndiye niliyemtengea, dada yake. Akawa anakula peke yake uani mpaka siku ya mwisho." Alilitoa kopo, akalishika kwa mikono miwili, akampa Mwasiti. "Shoga yangu, sikujua."

"Hukuuliza," Mama alijibu.

Walimkuta Stephania Gungu, anafunga nguo zake kwenye shuka. Yusra alipiga magoti mlangoni. "Shikamoo, Mama Stephania. Nisamehe. Nililipekua kapu lako, nikakusingizia."

Stephania aliendelea kukunja kitenge. "Marahaba. Nimesikia," alisema. "Lakini moyo ingali inauma, mtoto. Sitakudanganya."

"Ungeweza kusema ni langu," Mama alimwambia. "Kwa nini hukusema?"

"Siri haikuwa yangu." Stephania aliutazama mzigo wake, kisha akaanza kuufungua. "Dagaa zetu nani anaangalia?"

"Nasma," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile Stephania alicheka.

Umbea ulifika Katubuka kabla yao. Baba mkubwa Gharib alikuwa ameketi barazani, kofia iko magotini. Yusra alimshika Mama mkono kwa nguvu.

"Shemeji," Gharib alisema, "ni kweli niliyoyasikia?"

"Ni kweli."

"Na Khamisi?"

"Na Khamisi pia."

Mzee aliinamisha kichwa. Mama alingoja kufukuzwa; alikuwa ameshapanga atachukua nini kwanza. Gharib alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu.

"Assani alikuja msibani," alisema, "nikamfukuza mbele ya watu. Mtoto wake alipooa, sikwenda. Miaka yote hii, Mwasiti! Nawe umeishi nyumbani kwangu ukiniogopa kuliko ugonjwa." Akavaa kofia yake. "Ndani kuna chumba chako, kaweke dawa zako mahali unapoziona. Mimi nina mahali pa kwenda."

Wakamwona akivuka njia hadi mlango wa Assani, akibisha hodi, akisimama pale kwa muda mrefu. Mlango ulifunguliwa. Waliyoambiana hawakuyasikia.

Wiki zilizofuata, si wote ufukoni waliobadilika. Wateja wawili hawakurudi tena, na yuko mwanamke aliyehamisha chanja chake. Lakini Bi Nasma alikwenda kupima, na aliporudi alikaa karibu na Stephania, akaomba uji.

Lakini jioni ya siku ile ile ya kopo, baada ya kumeza vidonge vyake mbele ya watu wote wa nyumbani, Mama alimketisha Yusra kando yake.

"Ulichokiona kilikuwa kopo," alimwambia. "Mengine yote uliyajazia mwenyewe, na Nasma akakusaidia kujaza. Baba yako mkubwa naye alijazia ya kwake. Nami nilificha, nikawapa nafasi ya kujazia. Ugonjwa huu umeua wengi, mwanangu, lakini walio hai tumeumizana kwa kudhaniana. Siku nyingine ukimshuku mtu, muulize kwanza, tena muulize kwa heshima. Na usiingize mkono kwenye kapu lisilo lako."

"Ndiyo, Mama," Yusra alijibu.

Asubuhi iliyofuata Stephania alimkuta Yusra ameshafika ufukoni, anatandaza dagaa peke yake. Alimtazama kidogo, akachovya kikombe kwenye sufuria ya uji, akanywa nusu, akampa kilichobaki. Yusra alikipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka kikaisha.