Mshindi wa Mkanda wa Tatu

Boksi la mkanda wa tatu wa filamu lilikuwa limejaa bisi za mchele; mkanda wenyewe haukuwemo.

Inspekta Bithika Guha alizichota, akazinusa. Zilikuwa zimechanganywa na mafuta ya haradali.

"Una nakala?"

"Sina," alisema Rupsa Dhar, mtengeneza filamu, macho mekundu. Kwa miaka miwili alikuwa amemrekodi mwanafalsafa Haranath Bagchi, fahari ya mji wa Nabadwip, huku akiishi chumba cha chini nyumbani kwa mzee huyo. Jioni hiyo mji mzima ulialikwa kuitazama filamu.

"Mkanda una nini?"

Rupsa alisita. "Mzee anasalimu amri. Amebishana na rafiki yake Kalidhan tangu ujanani. Humo anasema, 'Kalidhan alikuwa sahihi. Mimi nilikosea maisha yangu yote.'"

"Nani mwingine ameuona?"

"Hakuna. Hata yeye mwenyewe."

Mlango wa chumba cha Rupsa haukuvunjwa. Ufunguo wa akiba hukaa kwa Sulekha, binti wa mzee. Guha alimhoji sebuleni, Rupsa akiwa kando.

"Umeuchukua wewe?"

"Sikuuchukua. Ila aliyeuchukua, Mungu ambariki."

"Dada, maneno hayo yatakulaza rumande."

"Nilaze. Baba hachekwi na mji mzima nikiwa hai."

Wakati huo aliingia Mzee Kalidhan Sanyal, kama kila alasiri, na pakiti ya bisi mkononi. Harufu ya haradali ikajaa sebule. Guha aliitazama ile pakiti, akachanganyikiwa. Mtu aliyeshinda aibe ushindi wake mwenyewe kwa nini?

"Mwache binti huyu," alisema Kalidhan. "Hajui kuiba hata ndizi."

"Nimekusikia, mzee. Na hongera! Naambiwa mwenzio amezidiwa na hoja zako mpaka akakubali."

"Hoja zipi!" Kalidhan aliwaka. "Alikuwa anachezea kifungo cha shati! Anauliza kama mama yake ameshapika, na mama huyo alikufa zamani, maiti tukaichoma! Hapo ndipo mimi nimemshinda?"

"Hicho kifungo ulikionea wapi, mzee wangu?" Guha aliuliza kwa upole.

Kalidhan aliketi. Alitoa mkanda chini ya shali yake, akauweka mezani.

"Niliingia jana, Rupsa hayupo na Sulekha akiwa sokoni. Ufunguo najua anapouficha. Nikautazama kwenye mashine ya Rupsa, nikalia, boksi nikalijaza bisi lisionekane tupu." Alijifuta pua. "Maisha yangu yote nimetaka mtu huyu akubali. Sasa amekubali kwa sababu amesahau alichokuwa akitetea. Ushindi huo siutaki, mwanangu."

"Mbona hukuuchoma?"

"Nilishindwa. Humo bado analitaja jina langu."

Guha alimgeukia Rupsa. "Utamshtaki?"

Rupsa alitikisa kichwa. "Kipande hicho nitakikata. Nilitaka mwisho mzuri, sikumfikiria yeye."

Pazia lilisogea. Haranath alisimama mlangoni, shati limefungwa kombo. Alimtazama Kalidhan.

"Nani wewe?"

Kalidhan aliinuka. "Yule unayebishana naye kila siku."

"Ah." Uso wa Haranath ulichangamka. "Basi kaa. Umekosea."

"Nimekosea wapi?"

Haranath alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Hofu ikaanza kumwingia machoni.

Katika mabishano ya Nabadwip, mtu huanza kwa kuzieleza hoja za mpinzani wake kabla ya zake. Kalidhan alimsogezea bisi, akaanza.

"Utaniambia kwamba aonaye moshi mlimani anajua huko kuna moto..."

Akazipanga hoja za rafiki yake moja baada ya nyingine, kwa nguvu zote, mpaka akajishinda mwenyewe.

"Umeona?" Haranath alicheka, mdomo umejaa bisi. "Nilikwambia!"