Mate ya Namba Kumi na Saba

"Huyu namba kumi na saba ana nini jamani? Mbona vishimo vyake vimekolea rangi hivi?"

Jolene alikuwa ameinama juu ya sahani ya vipimo, yenye vishimo vya mate, mkononi mwangu. Nilimkazia macho nione kama anajua ni mate ya nani.

"Labda anaogopa kitu," nikamjibu.

"Aogope nini, shoga? Saskatoon hii, kwa baridi hii, hata mwizi hatoki!"

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namba kumi na saba nilimjua. Alikuwa Darcy, mpenzi wangu kwa miaka mitatu, naye akifanya kazi humo humo.

Kazi yetu, kwenye maabara ya hapo Saskatoon, Kanada, ilikuwa kupima kimeng'enya cha kwenye mate, kile kinachopanda mtu akiwa na hofu. Mate ya utafiti yalikuwa ya wauguzi. Ila kila Jumatatu na Jumatano, saa tano asubuhi, sisi wafanyakazi nasi tulitema kwenye vichupa vya namba, yawe ya kulinganishia. Majina yalikuwa kwenye daftari la mkuu wetu, Dokta Penner, kabatini. Nililifungua. Sijitetei.

Wiki tano mfululizo, Jumatatu Darcy yuko kawaida. Jumatano anapanda mara tatu! Halafu mchana tukila pamoja, anakuwa bubu.

Jumatano hiyo hiyo, tukila kantini, simu ya Darcy ikawaka mezani. Nikausoma ujumbe kabla hajaiwahi. Ulikuwa wa Jolene.

"Mwambie leo. Utamficha mpaka lini?"

Nikamgeuzia simu.

"Jolene anataka uniambie nini?"

"Hamna kitu. Mambo ya kazi tu."

"Mate yako hayasemi hivyo."

"Mate yangu?"

"Namba kumi na saba! Kila Jumatano unapanda. Nimekupima kwenye vishimo viwili viwili, vyote vinakubaliana. Unatembea naye?"

Darcy akaweka uma chini. Pirohi za mama yangu, zile za unga zilizojazwa viazi, zikawa zinapoa katikati yetu.

"Umefungua daftari la Penner?"

"Jibu swali!"

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kiboksi, akakifungua. Pete.

"Wiki tano nakuja nayo Jumatano, kwa sababu ndiyo siku tunayokula wote. Nikikuona tu, nanywea. Jolene alinisaidia kujua saizi ya kidole chako, basi."

Nilitamani sakafu ipasuke niingie.

"Darcy, mpenzi wangu..."

"Kipimo chako hakijakosea. Nilikuwa naogopa kweli. Lakini naogopa nini, hilo ungeniuliza mimi."

Akakifunga kiboksi, akaondoka nacho.

Alasiri nilienda kwa Dokta Penner nikakiri. Nilipewa barua ya onyo, na vichupa vyote vikabadilishwa namba. Jolene nilimwomba radhi huku nalia.

"Mimi na Darcy?" akang'aka. "Yule anayekoroma kwenye mikutano? Umenikosea heshima mara mbili, Larysa!"

Siku tatu hakunisemesha. Ya nne akaniletea kahawa.

Darcy alikuwa mgumu zaidi. Wiki mbili nilipata ujumbe mmoja tu, "Injini ya gari lako nimeichomeka kwenye umeme, baridi isiigandishe. Usisahau kuchomoa waya." Nilikaa ndani ya gari hilo nikalia mpaka vioo vikapata ukungu.

Jumatano ya tatu akaja kantini, akaketi mbele yangu.

"Una swali?"

"Bado unanipenda?"

"Nakupenda. Na hasira bado ninayo."

"Pete je?"

Akaiweka mezani, karibu na sahani yangu.

"Larysa, utakubali nikuoe?"

"Ndiyo," nikasema.

Darcy akatoa kichupa kitupu mfukoni, akakisukuma kwangu.

"Haya, tema. Leo tukupime wewe."

Kantini nzima ilikuwa inatutazama, Jolene akiwa amesimama juu ya kiti. Nikakishika kichupa, nikajaribu, nikajaribu tena. Mdomo ulikuwa umenikauka kabisa. Halikutoka hata tone.