Mkono Usiopakwa Mafuta

Jumapili tuliyotangaziwa habari za parokia yetu, mimi nilikuwa nawaza kabichi. Nilikuwa nimeziacha uani zimefungwa kwenye viroba, na gari la kwenda Lushoto mjini lingepita saa sita. Paroko alihubiri taratibu kama mtu anayekula samaki mwenye miiba. Kumbe alikuwa anatuaga.

Mapadre wamepungua, alisema. Parokia tatu za milima hii zitakuwa kitu kimoja, chini ya padre mmoja atakayekaa ng'ambo ya bonde. Sisi wa Kwemvumo, ambao bibi zetu walibeba mawe ya msingi kichwani, tungekuwa kituo tu. Padre angefika Jumapili ya nne ya mwezi, na Jumapili nyingine katekista angeongoza ibada. Katekista mwenyewe ni kaka yangu Bartholomeo, tumbo moja, ziwa moja.

Mimi Dorothea nina mdomo, kila mtu anajua. Nilisimama nikauliza, "Na mtu akitaka kufa wiki ya pili, tumwambie asubiri?" Watu walicheka. Paroko hakucheka.

Basi akaja mzee Yusuph kutuonyesha jibu. Yusuph alikuwa mpasua mbao. Kazi hiyo hufanywa na wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini, wakivutana msumeno. Yeye alipasua peke yake tangu ujana, na hakuna aliyewahi kuona nani alishika msumeno upande wa chini. Watu walisema alitiwa dawa mkono wa kulia, na dawa ile ililipwa kwa roho za wake zake. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Alioa mara tatu, na mara tatu tulikwenda kuzika. Mmoja aliokotwa korongoni, wa pili kisimani, wa tatu kitandani kwake. Wote shingo zimevunjwa. Polisi walikuja, wakanywa chai, wakaondoka. Baada ya hapo hakuoa tena, macho yakapofuka, na mkono ule ukanyauka ukawa kama kuni.

Masika ya mwaka juzi akawa mtu wa kufa. Alilia mchana kutwa, "Niitieni padre! Nina neno la kutubu!" Tulimpigia Padre Alen, padre wetu mpya wa parokia tatu. Kijana mzuri, sina neno naye. Lakini mlima ulikuwa umeporomokea barabara, na alisema angekuja kwa miguu kesho yake. Yusuph hakuwa na kesho.

Kaka yangu alikuwa mtu wa huruma ya kupitiliza. Alikwenda sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, akatoa stola, ile skafu ya upadre aliyoiacha paroko wa zamani, akaivaa shingoni.

"Haoni," alininong'oneza mlangoni kwa Yusuph. "Nitamwambia padre amefika. Afe ametulia. Kosa liko wapi?"

"Kosa liko hapo shingoni mwako," nikamjibu. "Vua."

Hakuvua. Aliingia, akafunga mlango.

Mimi na mkewe Lightness tulikaa nje kwenye benchi. Ukuta ni wa mbao, tulisikia mnong'ono mrefu usio na maneno. Kisha sauti ya kaka ikitamka maneno ya kuondoa dhambi. Halafu Yusuph, wazi kabisa:

"Lete mkono, Baba, niubusu."

Kitanda kikalia.

"Mkono huu haujapakwa mafuta."

Lightness alinishika goti. Kila Mkatoliki anajua kwamba padre hupakwa mafuta matakatifu viganjani siku anapopewa upadre. Jinsi kipofu anayekufa alivyoyakosa kwa kupapasa, mimi sijui.

"Wewe si padre," alisema Yusuph, akaanza kulia kama mtoto. "Umeupokea mzigo wangu, na huna pa kuuweka."

Tulipoingia alikuwa amekata roho, vidole vyake vimeng'ang'ania mkono wa kulia wa kaka. Tulivibandua kimoja kimoja. Mkono wa maiti, ule uliokuwa mkavu miaka yote, ulikuwa laini, umejaa nyama.

Wiki ile ile, kaka alikuwa uani kwangu akinieleza bei ya viazi. Kuku alipita. Mkono wake wa kulia ukashuka, ukamkamata shingo, ukaminya. Kaka aliendelea kuongea habari za viazi. Aliposikia mfupa ukilia ndipo akatazama chini.

"Kaka," nikasema.

Aliuweka mkono ule chini ya paja, akaukalia.

Siku iliyofuata ikawa mbuzi. Halafu ikawa Lightness. Alikuwa anampa sahani ya ugali, mkono ukaipita sahani ukamdaka kwenye kiwiko, ukapinda. Nilisikia kelele nikiwa shambani. Nilimkuta Lightness amelala sakafuni, mkono umekunjika upande usiokunjika, na kaka analia huku akiupigiza ule wa kwake ukutani, mpaka ukuta ukawa mwekundu.

"Yusuph alikuambia nini?" nilimuuliza.

"Ni siri ya kitubio."

Nilitaka kumzaba kofi. "Siri gani? Wewe si padre!"

"Lumbu yangu," alisema, akiniita kama tulivyoitana utotoni, kaka na dada. "Yeye aliniambia kama padre. Siwezi kuyatoa. Na huyo nitakayempa, yatakuwa yake." Akanisogelea. "Mwondoe Lightness. Mkono unamtaka yeye. Unataka mwanamke wa nyumba."

Lightness alirudi kutoka hospitali na hogo la plasta mkononi, nikamwambia aende kwao upande wa Bumbuli. Alikataa. "Nimefunga naye ndoa altareni," alisema. "Na Bartholomeo sina ugomvi. Nina ugomvi na mkono." Mwanamke mbishi yule, nampenda hadi leo.

Tulimpigia Padre Alen. Kaka alitaka kutubu hapo hapo, simu sikioni. Padre akamwambia kitubio hakifanyiki kwa simu, ni sharti waonane, na yeye asingeweza kufika kabla ya Jumapili yetu. Tukampakia kaka kwenye bodaboda ya Zuberi, ampeleke ng'ambo ya bonde. Hawakufika hata kona ya pili. Mkono ulimkaba Zuberi koo kwa nyuma, pikipiki ikaingia mtaroni. Zuberi alivunjika bega, na tangu siku hiyo hakuna dereva aliyekubali kumbeba kaka yangu.

Ikabaki kusubiri zamu yetu. Kaka mwenyewe aliomba afungwe. Nilimfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya jikoni, mkono nyuma. Nilimlisha kwa kijiko. Kila asubuhi nilikuta kamba imelegea zaidi, na nguzo imechubuka alama za kucha.

Jumapili ya padre ikafika na ukungu. Kanisa lilijaa mapema. Padre Alen alipiga simu kwamba ameanza na Misa ya ng'ambo, tumsubiri. Kaka akaniomba nimfungue.

"Nataka nimsubiri kanisani. Nikitubu tu, imekwisha. Nifungue, Dorothea."

Nilimfungua nusu. Mkono wa kulia niliuzungushia kamba kifuani, nikaikaza kwa meno. Tukaenda. Nilimkalisha benchi la nyuma, mimi pembeni yake. Watu walianza rozari. Ukungu uliingia mlangoni. Nilifumba macho, salamu Maria moja tu.

Nilipofumbua, kamba ilikuwa sakafuni. Benchi lilikuwa tupu.

Lightness alikuwa sakristia akipanga maua kwa mkono mmoja.

Nilikimbia. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani kulikuwa na kishindo, chombo kikavunjika. Hapakuwa na kelele ya mtu. Hilo ndilo lililonitisha. Nilizunguka nyuma, nikapita mlango wa nje.

Mkono ulikuwa umemshika Lightness koo. Ulikuwa umemnyanyua, miguu yake haigusi chini. Ulimi umetoka. Na kaka alikuwa ameuning'inia mkono wake mwenyewe kwa ule wa kushoto, anauvuta, anauuma. Meno yake yalikuwa yamezama kwenye kifundo. Damu ilimjaa mdomoni. Macho yalikuwa yake. Yalinitazama.

Nilichukua kinara cha shaba nikapiga vile vidole. Nikapiga. Nikapiga tena. Kimoja kilivunjika, kingine. Lightness akaanguka.

Mkono ukageuka kwangu.

Kaka alijitupa nje, akiuburuta. Pembeni ya mlango kulikuwa na shoka la kuni za nyumba ya padre. Alilishika kwa kushoto. Akaulaza mkono wa kulia juu ya ngazi ya jiwe, akaugandamiza kwa goti.

"Bartholomeo, usifanye!"

Alishusha. Haukukatika. Akashusha tena. Mfupa ulionekana, mweupe. Mara ya mwisho shoka liligonga jiwe.

Nilivua kitenge nikamfunga bega, lakini damu ilikuja kama maji ya mfereji. Watu walitoka kanisani, wakasimama mbali. Nilimlaza kichwa mapajani.

"Padre yuko njiani," nilimdanganya.

"Nitakufa na maneno haya," alinong'ona. "Nitakwenda nayo."

Hapo moyo wangu ulipasuka. Mtu aliyefundisha watoto wote wa kijiji kupiga ishara ya msalaba, afe bila kitubio! Nikainama sikioni kwake.

"Niambie mimi. Utue mzigo. Niambie, kaka."

Niliona anataka. Midomo ilifunguka. Kisha akatoa mfukoni ile stola, alikuwa anatembea nayo siku zote, akaisokomeza mdomoni mwake, yote. Akaniziba masikio yangu kwa upendo wake, ndivyo ninavyosema. Alikufa hivyo, amenyamaza.

Padre Alen alifika ametapakaa tope, ameacha pikipiki kwenye maporomoko. Alipiga magoti pale kwenye damu. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa kanisa haambii padre. Hakujitetea. Alilia, akaniambia ana makanisa matatu na miguu miwili.

Tulimzika kaka na mkono wake ndani ya jeneza, umefungwa shuka peke yake. Nilihakikisha mwenyewe. Lightness akakubali sasa kwenda kwao Bumbuli, na mimi nikarudi kwenye kabichi zangu, nikijiambia kaka amelipa na imekwisha.

Baada ya mazishi, hogo lilipotolewa, palikuwa na alama kwenye kiwiko cha Lightness. Vidole vinne na gumba. Daktari alisema ni vilio la damu, litafifia. Halikufifia. Lilihama. Padre Alen amekwenda kumwombea mara mbili, kwa gharama zake, akampaka mafuta juu ya alama yenyewe, na siku ya pili alama ikakutwa imepanda juu zaidi ya pale palipopakwa.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Amekonda, lakini bado ni mbishi, bado anatania. Nilimsaidia kuoga. Alipoteremsha kanga, vidole vinne vilikuwa vimelala nyuma ya bega lake, vyeusi, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimepinda, vile nilivyovivunja kwa kinara.

"Wifi," aliniuliza kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "gumba limefika wapi?"

Lilikuwa kooni. Nilimwambia silioni.