Jambo la Tano

Esperansia, mtoto wa jirani yetu hapa Kibimba, alirudi kutoka chuoni mwezi wa sita akiwa amebakiza kitu kimoja tu ili amalize shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa: utafiti. Asubuhi ya kuanza kazi alikunywa uji, akamuaga mama yake, Restituta, akapanda pikipiki ya Ferdinand, dereva wa bodaboda, kwenda kijiji cha Keza.

Alitaka kupima kile ambacho watu hawakisemi. Nusu yao aliwasomea mambo manne ya kawaida ya uchaguzi. Nusu nyingine aliwasomea hayo hayo, pamoja na la tano: mgombea kurogwa. Mtu hataji jambo, anasema idadi tu. Ukilinganisha wastani wa makundi mawili, unajua ni wangapi wanaokiri la tano, bila kumjua aliyekiri.

Hakumwambia msimamizi wake kwamba baba yake, Celestini, aliwahi kugombea uenyekiti wa kitongoji hukohuko Keza. Alisimama kuomba kura, akafungua mdomo, sauti isitoke. Mwezi haukuisha, wakamzika.

Adhuhuri alimkuta bibi Nyirabahizi uani, anachambua maharage. Bibi alikuwa wa kundi la manne.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu."

Akamsomea. "Mangapi yalitokea hapa?"

"Matano."

"Bibi, nimekusomea manne."

"Nimekusikia. Matano."

Mkono wa bibi ulikuwa umetulia juu ya ungo.

Esperansia alijua la kufanya: aandike kosa, ashukuru, aondoke. Lakini uchungu wa baba ulimpanda. Akainama.

"Nani alimfanyia baba yangu?"

"Unatafuta hesabu, au unatafuta jina?"

"Jina."

Bibi alitazama njia, huku na huku. "Hesabu ingekulinda," alinong'ona. Kisha akamsogelea sikioni, akalitaja.

Esperansia alitaka kulirudia. Akafungua mdomo. Kimya. Akakohoa. Hata kikohozi hakikuwa na mlio.

Hospitali walimulika koo, hawakuona kidonda. Alipojaribu kuliandika lile jina, kalamu ilifika kwenye karatasi na kichwa kikawa kitupu. Akabaki kitandani nyumbani, madodoso mezani, siku ya kuwasilisha inakaribia. Mama yake alisali rozari mpaka vidole vikauma.

Wiki ya pili, Ferdinand alileta barua ya mtendaji wa kijiji cha Keza, yenye mhuri na tarehe ya siku tatu nyuma. Restituta aliisoma kwa sauti, amesimama mlangoni.

Wananchi wa nyumba tisa walimwomba binti wa utafiti aache kuwapitia kila asubuhi. Anabisha hodi. Wakifungua hawamwoni. Wanasikia tu akiuliza: mangapi?

"Huyu hajatoka kitandani," Restituta alinong'ona.

"Najua, mama." Ferdinand hakuvua hata kofia yake. "Lakini leo nimemsikia mwenyewe, ndani ya migomba. Ni sauti yake. Ameniita kwa jina."

Kitandani, midomo ya Esperansia ilicheza. Haikutoa kitu.

Chini ya barua, kila nyumba ilikuwa imejibu upya na kuweka dole gumba. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mara tisa.

Kisha kulikuwa na dole la kumi, dogo, lisilo na jina wala jibu. Restituta alitazama vidole vya binti yake, kisha akaligusa. Wino ulikuwa bado mbichi.